Jumamosi kwa Maman Mwalimu

Siku ya kwanza ya shule yangu wanafunzi walikuwa saba, viti vilikuwa ishirini, na hakuna aliyekaa. Walisimama wameegemea ukuta wa ukumbi, mikoba wameikumbatia, wananitazama. Nikadhani ni aibu. Nikaandika tarehe ubaoni, nikageuka, bado wamesimama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba walikuwa wanangoja kuambiwa. Watu wazima, mmoja wao ana wajukuu Bujumbura, wanangoja ruhusa ya kukalia kiti cha plastiki.

"Mukae basi," nikasema. Wakakaa wote kwa pamoja, safu ya nyuma kabisa.

Hiyo ndiyo shule niliyoiendesha miaka minne pale Molenbeek, mtaa wa Brussels, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu, karibu na mfereji, kabla sijaifunga mwenyewe. Ilikuwa shule ya watu waliotoka kufungiwa, na sisemi gerezani. Walifungiwa katika nyumba za watu. Wengi walikuwa wanawake walioletwa Ulaya kwa ahadi ya masomo au kazi nzuri, wakaishia kulala jikoni, pasipoti zao zimefichwa kabatini mwa mwenye nyumba. Wakapika, wakafua, wakalea watoto wa wenzao mwaka hadi mwaka, bila mshahara wala siku ya kupumzika. Kulikuwa na mwanamume mmoja pia, aliyekaa miaka sita katika jiko la mgahawa. Polisi wakishawatoa, au jirani akishawasaidia kutoroka, wanapewa kitanda mahali fulani, wanapewa mwanasheria na karatasi ya miezi michache, kisha wanaambiwa: haya, uko huru, kajifunze Kifaransa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Uvira, Kongo, kabla vita havijanitoa. Hapa Brussels diploma yangu haikumtisha mtu. Nimewaogesha wazee wa Kibelgiji miaka kumi na tisa katika nyumba ya wazee kule Berchem-Sainte-Agathe, mpaka magoti yakagoma. Nilipopumzishwa nikasema narudi kwenye chaki. Haikuwa huruma tu, niseme ukweli. Nilitaka tena kuitwa mwalimu.

Anayefikiri kwamba mtu akifunguliwa mlango anakimbia, na aje afundishe pale mwezi mmoja. Wanafunzi wangu waliomba ruhusa ya kila kitu: kwenda chooni, kufungua dirisha, kuvaa koti baridi inapowapiga. Mmoja aliniomba ruhusa ya kuugua. Mwingine alifika saa nzima kabla ya darasa na kusimama nje kwenye mvua, kwa sababu katika ile nyumba aliyotoka kuchelewa kulikuwa na adhabu yake. Zoezi la kwanza la kitabu liliuliza: unapenda nini, chai au kahawa?

"Yote tu, maman."

"Hapana, chagua."

"Ile wewe unapenda."

Nikawapigia meza. Nikawafokea, mimi niliyekuja kuwafundisha wasiogope kufokewa. Wakanitazama usoni wote, wakitafuta jibu ninalolitaka, na yule mwenye wajukuu Bujumbura akasema haraka haraka, "Kahawa, maman, kahawa."

Wazungu sikuwategemea sana, kwa hiyo hawakuniumiza sana. Walioniumiza ni watu wetu. Waliowafungia hawa, wengi wao walikuwa watu wa kwetu hasa, wa Kivu na wa Burundi, watu wenye viti vya mbele kanisani, wanaoitwa papa na maman kila wanapopita. Nilikuwa nanunua sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndagala kwenye duka moja la barabara ya Chaussée de Wavre, na mama mwenye duka alikuwa na desturi ya kunitupia pilipili mbili tatu za bure. Shule ilipoanza kusikika, pilipili zikakoma. Siku moja akaniambia mbele ya wateja:

"Donc, maman mwalimu, sasa uko nafundisha batoto ya batu kushitaki bazazi yao?"

"Mzazi gani anaficha pasipoti ya mutoto wake ndani ya mufuko ya unga?" nikamuuliza. Akanipa kisogo, akaenda kupanga vitenge vilivyokuwa vimepangwa tayari. Sikurudi pale tena. Sombe nikawa nainunua ya kwenye barafu, haina ladha.

Kamati ya kanisa nayo ikaanza kukumbuka kwamba ukumbi una matanga, una harusi, una mazoezi ya kwaya. Nilifika nikakuta ubao wangu umegeuzwa uso ukutani, au viti vimefungiwa stoo. Nikaenda kupigana nao mara tatu. Mwishowe wakasema nibaki, mradi ukumbi niuache safi kuliko nilivyoukuta. Nikawaambia hilo halina shida hata kidogo. Usafi ndio niliokulia.

Kwetu kila aliyepita shuleni anaijua salongo, ile kazi ya pamoja: wanafunzi wanafagia darasa, wanachota maji, wanang'oa majani uani. Na juu ya salongo ipo heshima nyingine kubwa zaidi, ya kumsaidia mwalimu nyumbani kwake. Hachaguliwi kila mtu. Nilipokuwa darasa la tatu nilichaguliwa kwenda kuosha vyombo kwa mwalimu wetu, na mama yangu alinipaka mafuta miguu yote, akanivalisha gauni la Jumapili. Nilisugua sufuria za mwalimu kwa mchanga hadi vidole vikachubuka, na njiani kurudi nilitembea polepole ili wenzangu wanione. Nami nilipokuwa mwalimu, watoto walinilimia maharage yangu wakiimba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hilo lina ubaya, wala sikuwahi kujiuliza.

Basi kila Alhamisi, saa ya mwisho, tulifanya salongo. Niliwapa ufagio watu waliotoka kufagia miaka kumi. Na wakafagia vizuri ajabu! Ilikuwa saa pekee ya wiki waliyocheka, kwa sababu ilikuwa saa pekee waliyojua la kufanya. Mimi nikaona shule yangu imeshika. Assistante wao wa ustawi wa jamii, mwanamke kijana wa Kibelgiji aliyefuatilia karatasi zao, alikuja Alhamisi moja akawakuta wamepiga magoti wanasugua sakafu, nami nimekaa kitini nasahihisha madaftari.

"Madame," akasema, "hii ni kawaida?"

"Ni utamaduni wetu," nikamjibu, kifua mbele. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilimcheka wiki nzima. Nikasema huyu aliyezaliwa jana anakuja kunieleza shule ni nini.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nne kutoka bonde la Ruzizi. Shangazi yake, dada wa baba yake tumbo moja, alimleta Brussels akiwa na miaka ishirini na mmoja, eti amwendeleze masomo. Masomo yenyewe yakawa watoto watano wa shangazi, nyumba ya ghorofa tatu kule kule Berchem, na godoro nyuma ya mashine ya kufulia. Miaka kumi na moja. Kituo cha basi langu la kazini kilikuwa karibu na nyumba ile, na bila shaka nilimwona mara nyingi akifuta madirisha, nikapita. Siku aliyotoka alikwenda kutupa taka, amevaa ndala, akaendelea kutembea tu mpaka akakutana na polisi.

Shangazi alishitakiwa. Na karatasi za mwanafunzi wangu zilitegemea kesi ile: shangazi akipatikana na hatia, yeye anabaki Ubelgiji kwa haki, kesi ikianguka, karatasi zinaanguka nayo. Mwanasheria wake alinieleza bila kunizungusha. Majirani hawakuona kitu. Watoto wa shangazi hawatamsema mama yao. Ni maneno ya huyu na maneno ya yule. "Mfundishe kuongea," akaniambia.

Nikamfundisha miaka miwili. Kila darasa, kwa robo saa, nilikaa mezani nikawa jaji. Mwanzoni alijibu akitazama viatu vyake. Nikamwambia ainue kichwa, arudie, asimame vizuri, arudie. Ulikuwa unalala wapi? Pasipoti alikuwa nayo nani? Mlango alifungua nani? Ulipumzika siku gani? Mwaka wa pili hakuna swali lililomwangusha. Siku moja nikambana.

"Shangazi anasema ulikuwa mtoto wa nyumbani, ulikuwa unasaidia tu. Unajibu nini?"

Akafikiri kidogo. "Mutoto ya nyumba analala ku kitanda, monsieur le juge."

Darasa zima likapiga makofi. Jibu lile sikumpa mimi, alilitoa mwenyewe, na nilitembea nalo kichwani mpaka kwangu kama niliyeokota dhahabu.

Wakati huo ndipo nilipopasuliwa goti. Jumamosi ya kwanza baada ya hospitali akaja na sufuria ya sombe, akanikuta natambaa kati ya kitanda na choo. Akaosha vyombo. Akaangalia madirisha, akauliza sabuni iko wapi. Jumamosi iliyofuata akaja tena, nami nikampa ufunguo ili nisiwe nainuka kumfungulia. Goti likapona. Yeye akaendelea kuja. Alinipikia chakula cha wiki, akafua, akapiga pasi, akanikanda mguu kwa dawa. Sikumwomba. Hilo nililishikilia sana baadaye, kwamba sikumwomba. Nilimpa koti langu la zamani, viatu, tiketi za metro, na chakula cha kubeba. Nikizungumza na ndugu zangu kwenye simu, na hata nje ya kanisa baada ya ibada, nilisema, kuna mwanafunzi wangu mmoja, ana heshima huyo! Na moyoni niliona Uvira imenirudia, maharage yangu yanalimwa tena.

Kiangazi kimoja wenzake wa darasa walipangiwa safari ya kwenda baharini, Ostende, siku ya Jumamosi. Akaja Jumamosi iliyotangulia, akamaliza kazi, kisha akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Maman, bon, samedi ile ingine benzangu banaenda ku bahari."

"Na madirisha yangu?" nikasema, nikicheka. Nilikuwa natania, haki ya Mungu. Yeye akacheka pia. Jumamosi ile alikuja saa nne kama kawaida, na ndoo yake, nami sikumuuliza chochote. Nilifurahi kumwona. Madirisha yalikuwa na vumbi kweli.

Siku ya kesi ilifika. Shangazi aliketi na kitenge kipya na kilemba chake, nyuma yake safu mbili za akina mama wa kanisa. Upande wetu tulikuwa watatu: mimi, yule wa Bujumbura, na yule mwanamume wa mgahawa aliyeshika kofia mkononi muda wote. Mwanafunzi wangu alisimama, akainua kichwa. Alisema mashine ya kufulia, alisema godoro, alisema pasipoti. Alisema lile jibu la kitanda, na nilimwona jaji akiliandika. Nikaanza kumshukuru Mungu kimya kimya, tena nikajishukuru na mimi.

Kisha mwanasheria wa shangazi, mzee mpole mwenye sauti ya kanisani, akaomba jaji amuulize swali moja dogo. Siku hizi, Jumamosi, bibi huyu anafanya nini?

Mkalimani akatafsiri, na uso wa mwanafunzi wangu ukachanuka. Lilikuwa swali la kwanza alilolipenda tangu asubuhi.

"Samedi niko kwa maman mwalimu! Niko napika, niko nafula manguo, niko napanguza ma vitres ya madirisha."

Anakulipa?

"Hapana! Ye ni kama mama yangu."

Anakupa nini basi?

"Chakula. Manguo. Tiketi ya metro."

Na siku usiyotaka kwenda, inakuwaje?

Mkalimani akarudia. Mwanafunzi wangu akageuka, akanitafuta kwenye viti, akaniona, akabaki kunitazama. Sura ile niliijua. Ndiyo ile ya siku ya kwanza pale ukutani. Alikuwa anatafuta usoni mwangu jibu ninalolitaka, na mimi uso niliuinamisha.

Mwanasheria akashukuru, akasema hana swali lingine.

Nje kwenye ngazi za mahakama shangazi alinijia. Miaka mitatu hakuwa amenisalimu, hata tukigongana mlangoni mwa kanisa. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Maman mwalimu, bonjour. Magoti inaendelea muzuri?" Akanisogelea sikioni. "Sasa si uliona? Na mie nilikuwa namupenda vilevile."

Nikauchomoa mkono wangu, nikashuka ngazi.

Jumamosi iliyofuata saa nne nilikuwa sebuleni nasikiliza mlango. Ikapita saa tano. Ikapita saa sita. Niseme nilichofikiri kwanza, maana nisipokisema haya yote niliyoandika yatakuwa uongo: nilifikiria nguo nilizokuwa nimeloweka. Nilikasirika. Nilisema peke yangu, kwa sauti, huyu naye ameanza kiburi. Na nilipojisikia nikisema hivyo nikakaa chini, nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Jumanne alikuja darasani mapema, tukawa wawili tu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha. Badala yake nikajikuta namweleza salongo, namweleza mwalimu wangu wa darasa la tatu, mafuta ya miguu, sufuria za mchanga. Alinisikiliza amesimama. "Ndiyo, maman," akasema kila nilipopumua. "Ndiyo, maman." Nilipochoka akaweka ufunguo mezani.

"Samedi sitakuya tena, maman."

"Umenikasirikia?"

"Hapana. Alors juge aliniuliza, na mi sikukuwa na jibu. Miaka mbili tulijifunza majibu yote. Ile hatukujifunzaka."

"Ungetaka kusema nini?"

Akafikiri, kama anavyofikiri siku zote, bila haraka. "Ningesema: siku yenye sitaki kuenda, siendi. Lakini ingekuwa uongo."

Akaenda kukaa mahali pake. Wenzake wakaingia, tukasoma siku za wiki.

Hukumu ilitoka baada ya mwezi. Shangazi aliachiwa kwa sababu ya shaka. Mwanasheria wetu alinionyesha ukurasa: jaji aliandika kwamba ni vigumu kutenganisha unyonyaji na desturi ya kusaidiana, desturi inayoonekana hata leo katika maisha ya mlalamikaji. Hata leo. Maneno hayo mawili ni mimi. Sikutajwa jina, nimo tu humo, katika karatasi yenye muhuri, shahidi bora ambaye shangazi angeweza kumpata. Mwanasheria alisema kuna rufaa, lakini alisema akifunga mkoba wake.

Salongo niliifuta. Alhamisi nilifagia mwenyewe, na goti langu, na wanafunzi wakasimama ukutani wananitazama kwa mateso makubwa, mikono yao haijui pa kukaa. Kamati ikalalamika kwamba ukumbi hauko safi kama zamani. Nikawaambia waufagie wao.

Barua ya uhamiaji ilimfikia mwisho wa majira ya baridi. Aliileta darasani, haijafunguliwa. Nikanyoosha mkono niipokee, maana barua zao zote nilikuwa nazisoma mimi. Hakunipa. Akaichana bahasha, akasimama, akainua kichwa kama nilivyomfundisha, akasoma kwa sauti kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa Kifaransa, bila kukosea neno. Ilikuwa barua ya kwanza kuisoma peke yake. Ilisema ana siku thelathini za kuondoka nchini.

Akaikunja mara mbili, akaitia mkobani, akavaa koti langu la zamani. Kisha akalivua, akaliacha kwenye kiti, akatoka. Zilibaki dakika arobaini za somo. Katika miaka minne hakuna mwanafunzi wangu mwingine aliyetoka bila kuomba ruhusa. Wale waliobaki wakaugeukia uso wangu wote kwa pamoja, wakingoja.